Usinunue sarafu ya Malkia kabla ya kuitia majini

Mhariri,

Barua ya msomaji wa Bungoma uliyoichapisha kuhusu sarafu za fedha za Waingereza imeniletea wateja ambao sikuwaita. Alisema ukitaka kujua kama sarafu ni fedha halisi, iwekee kipande cha barafu juu. Kikiyeyuka upesi, fedha hiyo. Tangu siku hiyo watu wanafika kwenye kibanda changu cha saa hapa Kisumu wakiwa na sarafu mfukoni, na kijana mmoja alikuja na barafu kabisa, kaitia kwenye flaski ya chai. Nikaona afadhali niandike mara moja kuliko kumweleza kila mtu peke yake huku saa za watu zimelala mezani.

Ni kweli fedha ndiyo metali inayopitisha joto kuliko nyingine zote. Lakini shaba nyekundu iko nyuma yake kidogo tu, na hakuna jicho la binadamu litakaloona tofauti ya kuyeyuka kwa barafu kati ya hizo mbili. Sarafu bandia nyingi zinazozunguka huku kwetu ni shaba ya namna moja au nyingine iliyochovywa fedha kwa juu. Utaweka barafu, itayeyuka haraka, utafurahi, utatoa pesa. Tena kwa jua letu la saa saba mchana, barafu huyeyuka hata juu ya mfuniko wa soda.

Sumaku nayo ina kazi yake, ila ndogo. Sarafu ikinaswa na sumaku, mazungumzo yamekwisha, ndani mna chuma au nikeli. Isiponaswa hujajua kitu bado, maana shaba, risasi, bati na zinki nazo hazinaswi. Mimi nina sumaku kali niliyopewa na fundi wa kompyuta, ilitoka kwenye diski ngumu iliyokufa. Nikiinamisha sarafu kubwa ya fedha na kuiachia sumaku hiyo iteleze juu yake, inashuka kwa kujivuta. Inapendeza kutazama, watoto hupenda. Lakini juu ya shaba nyekundu pia inajivuta, kwa hiyo siitolei hukumu.

Wapo pia wanaoirusha sarafu juu ya meza na kusikiliza. Fedha nzuri hulia kwa sauti nyembamba inayodumu, na ile ya risasi hutoa kishindo tu. Hilo nakubali. Ila sarafu halisi iliyo na ufa usioonekana haitalia, na utaitupa bure.

Kinachosema ukweli ni mizani, na baada ya mizani, maji. Nieleze kwa mfano wa mteja mmoja.

Mama mmoja wa Luanda ya Vihiga alishuka matatu na mwanawe, akaja na sarafu mbili zimefungwa kwenye pindo la leso. Akafungua fundo, akaziweka juu ya kitambaa changu cha kazi.

“Fundi, hii kubwa nimeinunua kwa mtu sokoni. Hii ndogo ni ya marehemu baba mkwe, alipewa na Mzungu mmoja wa meli za stima enzi zile za bandari. Watoto wanasema ndogo ni feki, inatoa rangi ya shaba. Wananiambia nibaki na kubwa.”

Ile kubwa ilikuwa na mwaka 1897. Upande mmoja Malkia Victoria mzee, amejitanda shela. Upande wa pili Mtakatifu George uchi juu ya farasi, anamchoma joka. Huo mchoro wa joka ulichorwa na Benedetto Pistrucci, Mwitaliano, na ndio uliozoeleka kwenye sarafu hizo. Waingereza waliiita crown, yaani shilingi 5 zao kwa pamoja. Ilikuwa nyeupe inang’aa, na kwenye mifereji ya herufi kulikuwa na weusi uliopakwa ili ionekane imekaa miaka. Ile ndogo ilikuwa nusu crown ya 1921, ya Mfalme George wa Tano, imechakaa, na kwenye shavu na ndevu za mfalme kulikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoelekea njano. Rangi hiyo ndiyo waliyoiona watoto wakaihukumu sarafu.

Nikaiweka kubwa kwenye mizani. Gramu 24.1.

Crown halisi ya Victoria ina gramu 28.28 na upana wa milimita 38 na nusu hivi. Upana ulikuwa sawa. Uzito ulipungua gramu 4. Sarafu huchakaa, najua, lakini ikichakaa hadi kupoteza gramu 4, Malkia hana pua tena. Huyu alikuwa na kila mkunjo wa shela yake.

Kisha nikageuza ukingo chini ya kile kioo tunachokibana jichoni. Meno matupu, mistari iliyosimama pande zote. Crown zenye Malkia wa shela zilitolewa kuanzia 1893 hadi 1900, na ukingoni hazina meno, zina maandishi yaliyoinuka: DECUS ET TUTAMEN ANNO REGNI, halafu tarakimu za Kirumi. Maandishi ya ukingoni ni desturi ya tangu zamani, ya kuwazuia watu wasikwangue fedha pembeni na kuitumia sarafu hiyohiyo. Zile tarakimu ni mwaka wa utawala. Victoria alishika kiti tarehe 20 Juni 1837, kwa hiyo crown ya 1897 lazima isome LX au LXI, yaani mwaka wa 60 au wa 61, kutegemea ilipigwa kabla ya Juni au baada. Ukiona ya 1897 imeandikwa LVI, aliyeitengeneza hakujua kuhesabu. Crown za 1887 hadi 1892, zenye Malkia aliyevaa taji dogo juu ya kichwa, hizo ndizo zenye meno. Mwenye kiwanda alichukua uso wa sarafu moja akaupa ukingo wa nyingine.

Mama alikuwa ametulia tu anatazama. Nikamwambia ngoja tuitie majini ili usiseme nimekuonea.

Hapa ndipo naomba wasomaji wako wanisome polepole. Weka glasi ndogo ya maji juu ya mizani, kisha bonyeza kile kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi wa kushonea, ishushe ndani ya maji mpaka izame yote, ila isiguse chini wala pembeni. Shika uzi mkononi, usitingishike. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sawa na sentimita moja ya ujazo, umeshapata ujazo wa sarafu yako. Sasa chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, gawanya kwa namba hiyo. Ukiona vipovu vya hewa vimeganda kwenye herufi, tia tone moja la sabuni ya maji kwenye glasi, vitaachia. Vipovu hivyo vidogo vinaweza kukuharibia hesabu yote.

Fedha ya crown ya Victoria, ambayo ni asilimia 92.5 fedha na iliyobaki shaba, hutoa jibu la karibu 10.3 au 10.4. Shaba nyekundu tupu hutoa karibu 9. Shaba ya manjano hutoa kama 8 na nusu. Risasi hutoa 11.3, na ndiyo maana matapeli wa zamani waliichanganya na metali nyepesi, ili uzito ukaribiane. Sarafu ya mama ilisukuma gramu 2.79. Ishirini na nne nukta moja gawanya kwa hiyo unapata 8.6. Shaba ya manjano, imevikwa kanzu ya fedha.

Mama akasema, “Kumbe nilinunua kofuli.” Tukacheka, lakini alikuwa ametoa bei ya mbuzi wawili.

Ile ndogo ikafuata. Nusu crown mpya ilitoka na gramu 14.14. Yake ilisoma 13.82, uchakavu wa kawaida kwa sarafu iliyotembea. Majini ikasukuma 1.43. Jibu ni 9.66, na ndipo mwanawe, aliyekuwa anapiga hesabu kwenye simu, akasema, “Si umesema fedha ni 10.3? Basi na hii ni feki.”

La hasha. Mwaka 1920 Waingereza walipunguza fedha kwenye sarafu zao kutoka asilimia 92.5 hadi 50. Sababu ni kwamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda hadi fedha iliyomo ndani ya shilingi ikawa na thamani kupita shilingi yenyewe, na watu wangeziyeyusha. Sehemu iliyobaki wakatia shaba na, miaka ile ya kwanza, nikeli. Mchanganyiko huo hutoa 9.6 au 9.7 majini, hasa pale ilipotua sarafu ya mama. Na mchanganyiko huo huo ndio unaogeuka rangi ukichakaa, ukawa njano na hudhurungi mashavuni. Rangi iliyowatia watoto wasiwasi ni alama ya kawaida ya nusu crown za miaka hiyo. Chini ya shingo ya mfalme nikamwonyesha herufi B.M., ndogo kuliko punje ya wimbi, za mchoraji Bertram Mackennal. Zilikuwa kali bado. Sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu huwa na herufi hizo zimevimba au hazipo, na ukitazama uwanja wa sarafu, ile sehemu tupu isiyo na mchoro, unaona vitundu vya hewa.

Kwa hiyo kwanza soma mwaka, ndipo upime. Ya kabla ya 1920 lazima ikupe kama 10.3. Ya 1920 hadi 1946 ikupe 9.6 hivi. Kuanzia 1947 sarafu za Uingereza za matumizi ya kila siku hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli, zinatoa 8.9. Nimeona mtu sokoni Kibuye akiuza florini, yaani sarafu ya shilingi mbili, ya 1950 kwa bei ya fedha, na sarafu yenyewe ni halisi kabisa. Halisi si lazima iwe fedha.

Uzito wa kukumbuka, ukiwa mpya: crown 28.28, nusu crown 14.14, florini ya shilingi mbili 11.31, shilingi 5.66, sikspensi, yaani nusu shilingi, 2.83. Utaona kila moja inatokana na mwenzake. Crown moja ni shilingi 5 hata kwenye mizani. Ikipungua kidogo, ni uchakavu. Ikizidi, hapo shuku, kwa sababu sarafu haineneshwi na mfuko.

Mizani iwe ya kusoma senti ya gramu, yenye namba mbili baada ya nukta, ile ndogo ya kubeba mkononi wanayotumia masonara. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haikusaidii: itakuambia crown ni gramu 28 na maji ni gramu 3, na hesabu yako itatoka 9.3 hata kama sarafu ni safi. Ile ya samaki ya Dunga waachie wenye samaki.

Jambo lingine linalowachanganya watu wa huku ni kwamba si kila sarafu yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza ni ya Uingereza. Reli ilipofika hapa Kisumu mwaka 1901, pesa iliyokuwa inatumika ni rupia ya India, na kodi ya nyumba babu zetu waliilipa kwa rupia. Rupia ya fedha ina gramu 11.66 na asilimia 91.7 ya fedha, na nyingi bado zimo kwenye vibuyu na masanduku ya bati kuanzia Siaya hadi Vihiga. Mwaka 1920 ikaja florini ya Afrika Mashariki, haikudumu, na 1921 ikaja shilingi yetu yenye simba na milima nyuma yake. Hiyo shilingi ina uzito wa gramu 7.78, na kuanzia 1921 hadi 1946 fedha yake ni robo tu. Zilizoanza 1948 hazina fedha. Ukichukua vipimo vya shilingi ya London ukavitumia kwa shilingi ya simba utaiita bandia kila siku. Na kuna mtu hapa mjini anayenunua shilingi za simba kwa bei ya shaba kwa kuwaambia wazee hivyohivyo: “Mzee, uzito wa hii si wa fedha.” Mzee anampa mkebe mzima.

Hao mabroka ndio hasa wamenifanya nichukue kalamu. Wanapita sokoni siku ya soko, mmoja ananunua, mwenzake anauza. Anayenunua anakuambia ya kwako ni feki. Anayeuza anakuambia ya kwake ilitoka kaburini kwa Mzungu wa Kericho. Wapo wanaosema ndani ya sarafu ya Malkia kuna zebaki nyekundu inayotafutwa na Waarabu kwa mamilioni. Ndani ya crown kuna gramu 26 za fedha na kidogo shaba, basi. Bei yake inaanzia kwenye bei ya fedha ya siku hiyo, na inapanda kwa mwaka na kwa jinsi ilivyotunzwa. Mtu anayekutajia milioni na hana mizani mfukoni, muulize anajuaje.

Nikiwa hapo niseme na wenye sarafu wenyewe. Acheni kuzisugua. Ndimu na majivu, dawa ya meno, waya wa kusugulia sufuria, vyote vinakwangua uso, na mnunuzi anayejua akiona mikwaruzo hiyo anakata bei hapohapo. Weusi wa fedha ni ngozi yake, uacheni. Na kuna sonara mmoja, simtaji, alimpigia mzee wa Kombewa tupa kwenye ukingo wa rupia ya 1880 ili adondoshee asidi, alama ikabaki pale kama jino lililovunjika. Asidi ni ya mkufu usio na jina. Kwa sarafu, maji yanatosha, tena ukimaliza unaifuta kwa kitambaa laini kwa kuigusagusa, husugui. Usiihifadhi kwenye mifuko laini ya plastiki ile inayonuka. Baada ya muda inatoa utando wa kijani unaokula fedha. Karatasi kavu ni bora.

Mwisho kuna sarafu ambazo mizani na maji havitaziweza. Nusu crown ya 1905, ya Mfalme Edward wa Saba, zilipigwa chache, zinatafutwa sana, na matapeli huitengeneza kwa fedha halisi ya kiwango kilekile. Uzito utakuwa sawa, maji yatakubali, na bado itakuwa bandia. Ya namna hiyo inahitaji kulinganishwa herufi kwa herufi na iliyothibitishwa, na mtu ambaye ameshika nyingi. Ukiwa nayo usimwachie mtu yeyote mkononi, hata mimi. Ipige picha pande zote mbili na ukingo, andika uzito wake, kisha tafuta mnada unaotambulika wa sarafu za Uingereza na uwatumie picha kwanza.

Fundi wa saa,
Kisumu